Maji Hayapotei Baharini

Kuna kauli inayonichoma moyo kila niisikiapo, na huku Taita Taveta haikosi kusikika. Mvua inanyesha, mto unafura, kiongozi anashika kipaza sauti na kulalama kwamba maji yetu yanapotea bure baharini. Watu wanapiga makofi. Kesho yake maneno hayo yako redioni, na mwezi haujaisha yameshaingia kwenye pendekezo la bwawa. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: yanapoteaje? Nani aliyefuata mto hadi mwisho akayaona yakipotea?

Mimi nasema hayapotei. Nasema pia kwamba kauli hiyo, inayovaa sura ya huruma kwa mwananchi mwenye kiu, ndiyo inayotoa kibali cha kuua mojawapo ya sehemu zenye uhai mwingi kabisa katika Pwani ya Kenya: mlango wa Mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Na mauaji hayo, msomaji wa Voi, wa Mwatate, wa Wundanyi na wa Taveta, sehemu yake inafanyikia huku kwetu, mikononi mwetu na kwa ridhaa yetu.

Najua jibu litakalokuja. Sisi ni watu wa milima na nyika. Bahari iko mbali. Asilimia 62 ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo, ndovu wanalala mashambani mwetu, wanawake wanaamka alfajiri kutafuta maji, halafu huyu anatuletea habari za kamba na ndege wa Malindi. Basi chukua ramani ufuate maji mwenyewe. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama ndani ya mawe ya volkeno, hupita chini kwa chini na kuchomoza katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ikiwa safi hata kiboko anaonekana akitembea chini ya maji. Maji hayo yanaingia Mto Tsavo, unaobeba pia maji ya miteremko ya Kilimanjaro. Tsavo inakutana na Athi ndani ya Tsavo Mashariki na kuwa Galana. Galana ikifika Kilifi inaitwa Sabaki, na Sabaki inaingia baharini. Mto Voi nao, unaozaliwa kwenye Milima ya Taita na kupita katika mji wetu, mvua zikiwa nzito huvuka nyika kwa mkondo wa Goshi kuelekea hori la Kilifi. Na kule Taveta, Mto Lumi unaingia Ziwa Jipe, maji yanatoka ziwani kwa Mto Ruvu, yanavuka mpaka na kuishia kwenye Mto Pangani, unaoingia baharini katika mji wa Pangani, Tanzania. Kaunti moja, milango mitatu ya bahari, katika nchi mbili. Ufuo hatuna hata wa hatua moja, lakini wa kusema bahari haituhusu kati yetu hayupo.

Nataka nikueleze kinachofanyika pale maji yanapofika, kwa sababu wengi wetu tukienda Malindi tunatazama hoteli na ufuo, tunakula mahamri, tunarudi. Nenda kwenye mlango wa Sabaki siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa hadi mwisho. Mguu unazama topeni mpaka kifundoni. Tope linanuka, na anayeziba pua hajui anachokinusa. Ni majani ya mchu, aina ya mkoko, yaliyoanguka yakaoza, yakaliwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hao nao wakaliwa na minyoo, na minyoo sasa wanaliwa mbele yako. Inama uangalie. Uso wote wa tope umetobolewa vishimo, na kila kishimo kina mwenyewe: kaa wadogo wenye gando moja kubwa kuliko mwili wao, wanalinyanyua juu na kulishusha, wakisikia kishindo cha mguu wako wote wanazama kwa pamoja na tope linabaki kimya. Mbele kidogo sululu anadunga mdomo wake uliopinda. Chekeamwezi wanakimbia ukingoni mwa maji. Kati yao wamo vindege wenye uzito usiofika hata wa yai la kuku, waliozaliwa kwenye nyanda za barafu za Siberia na kuruka hadi hapa kwa mabawa yao, kwa sababu tope hili lina chakula cha kuwarudisha kule wakazae tena. Heroe wanakuja, shakwe wanatua kwa makundi kwenye kichanga. Yuko pia ndege wa Madagaska, wa kahawia, mwenye mabawa membamba, anayezaa kisiwani kwao kisha anavuka bahari yote kuja kukaa Sabaki kwa maelfu. Sehemu za dunia anakoonekana kwa wingi kama huo ni za kuhesabu.

Kwa nini hapa, na si ufuo wowote mwingine? Kwa sababu mto unaleta mboji na madini kutoka bara, bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku ikivikoroga, na kina ni kifupi kiasi kwamba jua linafanya kazi. Maji ya mto yakichanganyika na ya chumvi katika hali hiyo, mimea midogo ya majini huchipuka kwa kasi ambayo bahari kuu haiiwezi. Huko kwenye kina kirefu maji ni ya buluu ya kupendeza kwa sababu ni maskini. Hayana cha kulisha. Utajiri uko kwenye tope la mlango wa mto, na utajiri huo umetoka bara.

Chukua kamba peke yake. Anataga baharini. Watoto wake, wadogo kuliko punje ya mchele, wanasukumwa na maji yanayojaa hadi kwenye mlango wa mto, wanaingia kati ya mizizi ya mikoko ambako samaki wakubwa hawapiti, wanakula na kukua hapo kwa miezi. Mvua ikishusha mto, wanatoka kwenda baharini wakiwa wakubwa wa kuvuliwa. Mkizi na mwatiko nao wana utoto wa namna hiyo. Ndiyo maana uwanja mkuu wa kamba nchini ni ghuba ya Ungwana na maji ya Malindi, ambako mito miwili mikubwa, Tana na Sabaki, inaingia baharini. Meli za kukokota nyavu ziliwahi kusimamishwa kule mwaka 2006 baada ya miaka ya ugomvi na wavuvi wadogo. Watu hawagombanii bahari tupu. Waligombania kile ambacho mto umekileta, na sehemu ya mto huo imetoka Mzima.

Kwa hiyo lita ya maji ya Mzima inayofika Sabaki imefanya kazi njia nzima. Imenywesha ndovu na nyati wa Tsavo ambao watalii wanalipa fedha kuwaona. Imezama mchangani pale Baricho na kujaza visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Ikafika mwisho ikalisha kamba, kaa, samaki, ndege na mvuvi. Anayeiita lita hiyo maji yaliyopotea amekosea hesabu ya kwanza kabisa ya uchumi wa Pwani, na huyo huyo utamkuta kesho kwenye meza ya Jumuiya ya Kaunti za Pwani, ambamo Taita Taveta ni mwanachama, akizungumzia uchumi wa buluu.

Mlango wa mto unauawa kwa njia mbili: kwa kuuzidishia tope au kuunyima maji. Sisi tunazifanya zote mbili kwa wakati mmoja.

Nianze na tope, maana ushahidi wake umehifadhiwa mahali ambapo hakuna ofisa anayeweza kuuficha. Katika bahari ya Malindi yapo matumbawe makongwe yanayoongeza tabaka moja baada ya jingine mwaka hadi mwaka. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kusoma tumbawe moja lenye kumbukumbu ya miaka 300. Walipima bariamu, madini yanayosafiri na udongo wa mto. Tangu 1700 hadi 1900 hivi, udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa wa kiwango kile kile, mvua na ukame, vizazi na vizazi. Karne ya 20 ikaingia. Walowezi wa Kiingereza wakachukua ardhi za juu, wenyeji wakasongamanishwa kwenye ardhi iliyobaki, miteremko ikalimwa, vichaka vikafyekwa, na udongo ukaanza kupanda kwenye kumbukumbu ya tumbawe. Kati ya 1974 na 1980 ulifika mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili.

Tafakari tarehe hizo. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, ili matumbawe yasiguswe. Mvuvi akakatazwa kutupa nyavu. Mtoto akakatazwa kuokota kombe. Na haikupita miaka 10, mto ukawa unashusha udongo kwa wingi ambao tumbawe lile halikuwahi kuuona katika miaka 300. Upepo wa kaskazi ukivuma, maji ya tope yanasukumwa kusini, kuelekea yalipo matumbawe. Tope linatanda, jua halipenyi, tumbawe linanyong'onyea. Mlinzi wa hifadhi amesimama ufuoni na sare yake, akimzuia mvuvi asiingie, na wakati huo shamba zima la mtu wa bara linapita mbele yake kwenda kuzika kile anacholinda.

Tope jingi linatoka Ukambani na mashamba ya juu ya Athi. Sitasema ni letu lote. Lakini tusijifiche nyuma ya Athi, kwa sababu Mto Voi na mito yetu mingine midogo haitoki Ukambani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo Wundanyi, walilinganisha picha za Milima ya Taita za 1955 na za 2004 na kukuta nusu ya msitu wa asili uliokuwapo imetoweka. Iliyobaki ni vipande: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo zaidi, vilivyozungukwa na mashamba yanayopanda mpaka vileleni. Wazee wetu walikuwa na misitu yao ya fighi, iliyokatazwa kukatwa hata tawi. Waliweka makatazo hayo bila wizara, bila ruzuku, bila semina. Sisi wenye wizara na semina tumeikata.

Na anayetaka kujua udongo wetu unafanya nini ukifika kwenye maji yaliyotuama, aende Aruba. Bwawa lile lilijengwa 1952 kwenye Mto Voi, ndani ya Tsavo Mashariki, likawa mahali pa kunywea maelfu ya wanyama. Limejaa tope. Kila tani iliyolijaza ilitoka huku juu kwetu, kwenye miteremko tunayoilima na kingo tunazozibomoa.

Shuka Mto Voi asubuhi wakati hauna maji. Lori limeingizwa kinyumenyume hadi katikati ya mkondo mkavu, ubao wa nyuma umefunguliwa. Vijana wanarusha mchanga kwa makoleo, migongo imelowa, hawasemi kitu ila pumzi. Lori likijaa, matairi yanazama, dereva anakanyaga mafuta, mchanga unatimka nyuma, linapanda ukingo na kuacha njia mbili zilizochimbika ambazo mvua ya kwanza itazigeuza makorongo. Hatua chache kutoka hapo mama amepiga magoti kando ya shimo alilolichimba kwa mikono. Anasubiri maji yachuje, anayachota kwa kikombe, anayamimina kwenye mtungi wa lita 20, anasubiri tena. Mchanga ule ndio ghala la maji yake ya kiangazi. Unayashika maji ya mvua chini, jua lisiyafikie. Kila lori linaloondoka linaondoka na sehemu ya maji ya mama huyo, na kingo zilizobaki bila mchanga zinaporomoka, na udongo mwekundu unaoporomoka unaanza safari ya kwenda kuchafua bahari. Hasara tatu kwa lori moja, na faida inakwenda kwa mtu mmoja asiyeshika koleo.

Simlaumu kijana mwenye koleo. Hana kazi nyingine, na anachopata hakimtoshi hata kwa tiba ya mgongo. Namlaumu anayetoza ushuru wa lori na kuiona kazi yake imekwisha. Majirani zetu wa Makueni walipitisha sheria yao ya mchanga 2015, wakaunda mamlaka ya kuusimamia na kuzuia usisombwe kiholela kwenda kujenga miji ya wengine. Haikuwa kazi nyepesi; damu ilikuwa imeshamwagika mitoni kwa sababu ya biashara hiyo. Waliifanya kwa sababu walielewa kwamba mto bila mchanga ni mfereji wa kupitisha mafuriko. Sisi tunaelewa nini?

Sasa niingie kwenye maji yenyewe, na hapa nataka ndugu zangu wa Taita Taveta wanisikilize bila kukasirika, kwa sababu hasira yenu naijua na ninayo.

Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, kupeleka maji Mombasa, kilomita 220 hivi. Linapita kwenye ardhi yetu. Watu wengi wa kaunti hii hadi leo wananunua maji kwa mtungi, na kuna anayeishi karibu na bomba hilo ambaye hajawahi kunywa kilichomo ndani yake. Ni dhuluma, na siipunguzi kwa neno lolote. Kila uchaguzi tunaahidiwa Mzima ya pili, yaani bomba jingine. Kila baada ya uchaguzi tunasahauliwa. Lakini angalieni jinsi hasira yetu inavyoelekezwa pasipo pake. Tunaambiwa adui ni bahari, eti inameza maji yetu. Bahari haikulaza bomba lile. Haikuandika mkataba, haikutia saini, haijawahi kukaa ofisini Nairobi ikagawa maji kwa kufuata nguvu ya mji badala ya haki ya mwenye chemchemi. Waliofanya hivyo ni watu, na wapo wa kuwauliza. Anayetaka kututafutia maji aanze na yaliyomo kwenye bomba, ayagawe kwa haki, azibe mabomba yanayovuja mitaani, alinde Chyulu isikatwe wala kuchomwa, maana bila Chyulu hakuna Mzima ya kwanza wala ya pili. Akimaliza hayo yote, ndipo aje aniambie kuhusu maji ya Sabaki.

Kwa upande wa Athi, mambo ni makubwa zaidi. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 huko Makueni, limepangwa kubeba mita za ujazo milioni 688. Wakamba wa Makueni na Kitui wana kiu kama sisi na sitasimama kuwapinga wasipate maji ya kunywa. Ninachokipinga ni bwawa la ukubwa huo kwenye mto unaoishia Sabaki, bila wananchi wa chini kuambiwa hadharani ni maji kiasi gani yataachiliwa, mwezi gani, na nani atakayeshtakiwa yasipoachiliwa. Halafu kuna Galana Kulalu, mradi wa kilimo wa ekari milioni moja, ambao tangu 2014 unabadilisha mikono na ahadi, na ambao nao macho yake yako kwenye mto huo huo. Jumlisha bomba, bwawa na mashamba, toa kwenye mto wa kiangazi, uniambie Sabaki inabakiwa na nini.

Hatuhitaji kubahatisha. Mto Tana umeshatuonyesha. Mabwawa yake yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nchi ikapata umeme, na hilo ni jema. Lakini kule mwisho wa mto, Kipini, bahari imekula ufuo na nyumba za watu. Kule Ozi, maji ya chumvi yamepanda mtoni na kuingia mashambani. Mpunga umekauka, miembe iliyopandwa na mababu imekufa imesimama. Mkulima wa Ozi hakukosa mvua tu. Alikosa nguvu ya mto ya kuisukuma bahari nyuma. Mto ukipungua, bahari haingoji kukaribishwa. Hali hiyo imeonekana Pangani pia, ambako mabwawa ya juu, likiwamo Nyumba ya Mungu, na mashamba ya umwagiliaji vimeacha mto usiokuwa na nguvu ya zamani, na chumvi inapanda. Na mwanzoni mwa mto huo, upande wetu wa Taveta, Ziwa Jipe linazibwa na tope na matete mbele ya macho yetu, na perege wake, wasiokuwa na kwao kwingine zaidi ya bonde hilo, wamo katika hatari ya kutoweka kabisa.

Wako watakaoniambia kwamba mikoko ya Sabaki imeongezeka, kwa hiyo tope ni neema. Ni kweli imeongezeka. Michu imepanda juu ya tope jipya, na ndege wanaitumia. Lakini mikoko hiyo imesimama juu ya udongo ulioibwa mashambani kwetu, na bwawa litakalozuia udongo ghafla huko juu litaiacha mbele ya mawimbi bila kitu cha kuishikilia, kama ilivyokuwa Kipini. Mlango wa mto unataka mto wenye kiasi: maji ya kutosha, udongo wa kadiri, kwa majira yake. Sisi tunaupeleka kutoka kufurika tope hadi kukauka, kisha tunatafuta mikoko michache ya kutusafisha jina.

Na wako watakaosema: watu kwanza, ndege baadaye. Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inawafuta watu huku ikijidai kuwatetea. Mvuvi anayetupa kimia pale Sabaki ni mtu. Mama anayekaanga samaki Malindi ni mtu. Kijana anayewaongoza watalii kwenda kuona heroe ni mtu. Mwenye shamba la mpunga aliyepoteza shamba kwa chumvi ni mtu. Tope linalomlisha sululu ndilo linalomlisha mvuvi, na hakuna namna ya kumnyima mmoja ukambakisha mwingine. Watu wanaotajwa kwenye hoja hiyo mara nyingi ni mkandarasi na mwenye zabuni.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na haikusema haki hiyo inaishia Mackinnon Road. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya mto: kiasi na ubora wa maji yanayopaswa kubaki kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa kulinda viumbe wa majini. Viumbe wa majini ni pamoja na kamba wa Sabaki. Naitaka Mamlaka ya Rasilimali za Maji itangaze akiba hiyo kwa Sabaki kwa tarakimu, mwezi kwa mwezi, itundikwe Voi na Malindi ambako kila mtu anaweza kuisoma, na ipimwe mtoni mbele ya mashahidi. Delta ya Tana imo kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar tangu 2012. Sabaki haimo, na sijasikia sababu yoyote ya maana ya kuiacha nje.

Kwa serikali yetu ya kaunti, dai langu ni moja na ni la haraka: funga Mto Voi kwa malori, kuanzia mjini kwenda juu, na vijana wanaoishi kwa koleo walipwe kujenga kingo na kupanda miti kwenye miteremko ya Taita. Fedha zitoke wapi? Zitoke kwa wanaokula matunda. Mombasa inakunywa Mzima. Kilifi inakula Sabaki na inapokea wageni wa Malindi. Kwenye Jumuiya ya Kaunti za Pwani, mwakilishi wetu asiende tena kukaa kama mgeni aliyealikwa kwa heshima. Aende na bili. Aseme: tukilinda msitu na mchanga, ninyi mnapata maji safi na samaki, tusipolinda, mnapata tope, basi lipeni sehemu yenu. Hilo ndilo dai la mtu mwenye mali, na litatuletea maji na heshima zaidi kuliko miaka yote ya kulalama kwamba bahari inatuibia.

Ndugu zangu wa Malindi na Mambrui, nanyi semeni. Msiachie watafiti peke yao. Njooni Voi, muone unakotoka mto wenu, mkae na wakulima wa Werugha na wachimba mchanga wa Voi, kabla hamjakwenda Nairobi. Na wewe mpiga kura wa Taita Taveta, mwakilishi wako wa wadi akija kuomba kura, muulize ni lini akiba ya Sabaki itatangazwa na ni lini malori yatatoka mtoni, na usimpe mkono mpaka akupe tarehe.